Barua ya Wazi kwa Kamati ya Usimamizi ya Nyumba ya Wazee: Jengo Jipya Lisiwanyime Wazee Jua la Barza

Lubumbashi

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Usimamizi
Nakala: kwa wafadhili wa mradi, kwa idara inayotoa ruhusa za ujenzi, kwa jamaa zote za wakaaji

Yahusu: Mpango wa kuongeza jengo la ghorofa mbele ya nyumba ya zamani

Waheshimiwa Mwenyekiti na Wajumbe,

Tunawasalimu kwa heshima. Mimi ninayewaandikia ni mwalimu wa ujenzi katika shule ya ufundi ya hapa mjini, na shangazi yangu ni mmoja wa wazee mnaowatunza. Ninaandika kwa niaba ya jamaa za wakaaji waliosoma maneno haya na kukubaliana nayo, ambao wengi wao mnawajua kwa sura kwa sababu kila Jumapili baada ya misa huja kukaa kwenye barza, yaani ukumbi wa wazi wenye paa na nguzo mbele ya nyumba. Tusingependa kuiweka barua hii mbele ya watu wote. Tulianza kwa kuuliza kwa mdomo, tukaambiwa michoro bado haijakamilika. Tukaandika barua, tukaileta kwa mkono, nakala yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa, wala hatukupata jibu. Tukaomba kikao, tukaahidiwa kwamba tutaitwa. Kabla hatujaitwa tuliona vigingi vimepigwa, kamba imevutwa mbele ya nyumba, na mchanga umemwagwa chini ya mwembe. Ndipo tukaamua kusema hadharani, kwa sababu msingi ukishamwagwa zege hakuna kikao kitakachousogeza.

Kwanza tuseme lile ambalo hatubishani nalo. Nyumba imejaa. Kuna wazee wanaolala watatu katika chumba kilichokusudiwa mtu mmoja, kuna mume na mke waliotenganishwa kwa kukosa chumba, na kila mwezi masista hulazimika kumrudisha mtu aliyeletwa mlangoni. Tunajua pia ni wazee wa namna gani wanaoletwa: waliofanya kazi migodini na kwenye reli hadi nguvu zikaisha, wajane wasio na mtoto aliye hai, na wengine, jambo la kusikitisha kulisema, waliofukuzwa na jamaa zao wenyewe kwa kushutumiwa uchawi. Yeyote anayetaka kuwaongezea watu hawa paa na kitanda anastahili shukrani, na ninyi na wafadhili tunawashukuru. Jengo jipya linahitajika. Tunacholalamikia ni mahali lilipowekwa na namna lilivyochorwa.

Nyumba ya zamani ilijengwa kabla ya uhuru wa 1960, wakati mji huu ulikuwa bado ukiitwa Élisabethville. Aliyeichora hatumjui, na pengine hakuwafikiria wazee wetu hata kidogo, lakini aliijua hali ya hewa ya Katanga. Aliweka barza ndefu upande wa kaskazini, dari ya juu, matundu ya kupitisha hewa chini ya dari, na paa lenye mteremko mkali linalovuka ukuta ili mvua isiguse matofali. Wazee wameishi ndani yake miaka mingi, na maisha yao yamejipanga kufuatana na nyumba hiyo. Michoro mipya, tuliyoiona ikiwa imebandikwa ukutani katika chumba cha kupokelea wageni, inaweka jengo la ghorofa moja juu, lenye kimo cha mita 8, umbali wa mita 4 tu mbele ya barza hiyo, na kuliunganisha nayo kwa njia iliyoezekwa, baada ya kubomoa nguzo tatu. Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Jua la asubuhi

Jambo hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo michoro haikulitaja hata kwa mstari mmoja, kwa hiyo mtuvumilie tukilieleza kwa urefu.

Lubumbashi iko kusini mwa ikweta kwa zaidi ya nyuzi 11, juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,200. Katika mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni wa baridi kali, joto likishuka mara nyingi chini ya nyuzi 10, na nyumba ya wazee haina chombo chochote cha kupasha joto isipokuwa mbabula, yaani jiko la makaa, la jikoni. Katika miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini. Saa tatu asubuhi huwa bado liko chini, kiasi kwamba miale yake hupenya chini ya ukingo wa paa na kuifikia barza yote hadi ukutani. Mwezi wa kumi na mbili, wakati wa joto na mvua, jua hupita karibu na utosi, tena kwa upande wa kusini kidogo, na paa lilelile huiacha barza katika kivuli. Barza hiyo hupata joto wakati wa kuhitaji joto na ubaridi wakati wa kuhitaji ubaridi, bila umeme na bila gharama.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu anaweza kuifanya. Saa sita mchana katikati ya mwezi wa sita, jua husimama kwenye pembe ya takriban nyuzi 55. Jengo lenye kimo cha mita 8 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 5 na nusu kuelekea kusini. Saa tatu asubuhi, jua likiwa kwenye nyuzi 34 hivi na likitokea kaskazini-mashariki, kivuli hicho huingia kusini kwa karibu mita 7 na nusu. Kati ya jengo jipya na ukingo wa barza kuna mita 4, na upana wa barza yenyewe ni mita 2 na nusu. Maana yake ni kwamba asubuhi yote, katika miezi ya baridi, barza itakuwa gizani kutoka ukingo hadi ukutani, na mchana kitabaki kipande chembamba cha jua kisichotosha kuweka kiti.

Mkija asubuhi ya mwezi wa sita, mtawakuta wamekaa kwa safu, blanketi mabegani, miguu imenyoshwa juani. Shangazi yangu huwa ameshika beseni la matembele mapajani, anachambua jani kwa jani kwa ajili ya jikoni, na vidole vyake, ambavyo alfajiri haviwezi kufunga kifungo cha blauzi, vinaanza kukunjuka jua linapofika kwenye mikono. Masista wenyewe wametuambia kwamba wazee wanaoota jua asubuhi hulala vizuri zaidi na hulalamika viungo kidogo zaidi. Mwili wa mzee hauzalishi joto kama wa kijana, na ngozi yake huhitaji jua ili mwili utengeneze vitamini D inayoshikilia mifupa. Kuwanyima jua hilo ili kuwapa jengo ni kuwapa kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya kwa mwingine.

2. Nguzo zinazobomolewa

Nguzo tatu zilizotiwa alama nyekundu kwenye mchoro zina kazi mbili ambazo mchoraji hakuziona. Ya kwanza ni kubeba boriti ya paa la barza. Hatukuona popote imeandikwa boriti hiyo itashikiliwa na nini wakati wa kubomoa na baada yake.

Ya pili ni ya watu. Kuna baba mmoja asiyeona, ambaye hutoka chumbani kwake na kurudi bila kushikwa mkono na mtu. Hupitisha kiganja juu ya nguzo moja moja, na anajua kwamba nguzo ya tano, ile yenye tofali lililomeguka kimo cha kiuno, iko mbele ya mlango wake. Wako wengine ambao akili imeanza kuwapotea, wanaosahau majina ya watoto wao lakini hawajasahau kwamba mwisho wa barza kuna kanisa dogo na mwanzo wake kuna geti. Mtu aliyepungukiwa na kumbukumbu huishi kwa alama kama hizo, na ukizibadilisha zote kwa siku moja humkosesha njia ndani ya nyumba yake. Jengo lililopendekezwa lina korido ndefu katikati na vyumba pande zote mbili, milango yote sawa, rangi moja, bila dirisha la kutazama nje isipokuwa mwishoni. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20. Korido ya namna hiyo, umeme ukikatika, haipitiki hata mchana.

Tena, barza ndiyo sebule yao. Kutoka hapo wanaona geti, wanajua nani ameingia, wanasalimiwa na wapita njia. Ukuta mrefu mbele yao utawafanya watu waliokwisha kusahauliwa mara moja wasahauliwe tena na mtaa mzima.

3. Ghorofa

Tunaomba kwa heshima mtuambie mzee wa miaka 80 aliyepewa chumba cha juu atashuka vipi. Michoro inaonyesha ngazi moja na nafasi ya lifti. Sote tunaishi Lubumbashi na tunajua umeme unavyokatika. Tunajua pia jenereta inakunywa nini na ni nani atakayelipa mafuta wafadhili wakishaondoka. Lifti iliyosimama itawafunga watu juu, wale wa viti vya magurudumu wa kwanza. Moto ukiwaka usiku, walinzi wawili na sista mmoja wa zamu watawabeba wangapi kwa ngazi moja?

Kuweka njia ya mteremko hadi ghorofani nako hakusaidii. Mteremko unaofaa kiti cha magurudumu haupaswi kuzidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3.20, kwa hiyo mteremko utakuwa na urefu wa zaidi ya mita 38, kabla ya kuhesabu sehemu za kupumzikia. Hakuna mzee atakayejisukuma umbali huo, na kiwanja chote cha mbele kitaliwa na zege. Wazee wanapaswa kukaa chini, kwenye usawa mmoja, bila kizingiti, penye mlango wa kupita kiti na nafasi ya mita 1.50 ya kukigeuzia chooni.

4. Kuta za zamani na maji ya mvua

Matofali mengi ya zamani ya mji huu yalichomwa kwa udongo wa vichuguu, vile vichuguu vikubwa ambavyo bado tunaviona pembezoni mwa mji. Ni tofali jekundu zuri lakini laini kuliko saruji, na kuta za nyumba hii zimejengwa kwa chokaa, inayoruhusu unyevu kutoka. Michoro inasema kuta za zamani zipigwe plasta ya saruji "ili zifanane na jengo jipya". Kila fundi aliyefanya kazi kwenye nyumba za kizamani anajua matokeo yake: saruji huzuia unyevu ndani, tofali huanza kuoza nyuma ya plasta, na baada ya mvua za miaka michache plasta humeguka pamoja na uso wa tofali. Ukuta uliosimama zaidi ya miaka 60 utaharibiwa na kazi ya wiki mbili.

Msingi wa zamani ni wa kina kifupi. Kuchimba mtaro wa zaidi ya mita moja karibu nao, pale jengo jipya linapoungana na barza, ni kuuondolea udongo unaoushikilia. Na hata uchimbaji ukienda salama, jengo jipya litatulia ardhini kwa kiasi tofauti na la zamani, ambalo lilishatulia kitambo; yakifungwa pamoja kwa zege bila nafasi ya kuyatenganisha, mpasuko utatokea, nao utatokea upande ulio dhaifu.

Kuhusu maji: mvua zetu hufika takriban milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa nne. Paa la mita 300 za mraba, kwa hesabu hiyo, hupokea lita 360,000 kwa mwaka. Michoro inayapeleka maji ya paa la njia ya kuunganisha na ya paa la zamani kwenye mfereji mmoja uliobanwa katikati yao, pasipofikika kwa ngazi ya kawaida. Majani ya mwembe yakiuziba siku moja ya mwezi wa kwanza, maji yote yataingia ndani ya vyumba vya zamani.

5. Yaliyosahauliwa

Hakuna mahali pa jamaa. Anayekuja kumtembelea mama yake atakaa wapi barza ikishageuzwa njia ya kupita? Na mzee akifariki, matanga yatakaliwa wapi? Hadi leo watu hukusanyika chini ya mwembe, viti vikapangwa, sista akaleta chai. Mwembe huo umetiwa alama ya kukatwa. Tunaomba pia mtazame jiko, ambalo halikuongezwa hata mita moja ingawa walaji wataongezeka. Sufuria za bukari (ugali) zinazotosha leo hazitatosha kesho.

6. Wakati wa ujenzi

Dari za nyumba ya zamani, kwa kadiri tulivyoona, ni za mabamba ya saruji ya aina iliyotumika sana miaka ya 1950, ambayo mara nyingi yalichanganywa na asbesto. Yakikaa bila kuguswa hayana hatari kubwa. Yakikatwa kwa msumeno au kuvunjwa kwa nyundo hutoa vumbi linaloharibu mapafu na kuleta saratani. Tunaomba yapimwe kabla ya mtu yeyote kuyagusa, na tunaomba kujua wazee watahamishiwa wapi wakati wa kubomoa, maana kwenye ratiba hatukuona popote pameandikwa.

Waheshimiwa, baadhi ya majibu mtakayotupa tumeshayasikia kwa watu walio karibu nanyi, na ni haki tuyajibu mapema.

Tumesikia ikisemwa kwamba kiwanja hakitoshi, ndiyo maana jengo likapanda juu na kusogea mbele. Lakini michoro hiyohiyo imetenga upande wote wa mashariki, penye mabanda ya kuku yaliyokwisha kuanguka, kuwa eneo la kuegesha magari kumi. Jamaa za wazee huja kwa miguu na kwa teksi-basi. Gari tunaloliona uani ni la masista, na siku nyingine la daktari. Upande huo unaweza kubeba jengo refu la chini tu, lenye upana wa chumba kimoja na barza yake inayotazama kaskazini kama ya zamani, likiunganishwa na nyumba kwa njia iliyoezekwa, iliyo wazi pande zote na isiyogusa ukuta. Nimelipima kwenye karatasi. Vyumba 12 vinaingia. Michoro yenu ina vyumba 16, na tunakiri kwamba hiyo ni pungufu ya vyumba vinne. Lakini stoo mbili kubwa za upande wa magharibi, ambazo leo zimejaa vitanda vilivyovunjika, zikikarabatiwa zinatoa vinne hivyo, tena karibu na chumba cha muuguzi.

Tumesikia pia kwamba wafadhili wanataka jengo lionekane kutoka barabarani. Hatuamini kwamba watu waliotoa fedha zao kwa ajili ya wazee wangekataa kulisogeza jengo kama wangeelezwa kwamba linaziba jua. Ndiyo maana tumewapelekea nakala. Kibao chenye majina yao kiwekwe getini, kikubwa, na sisi tutakuwa wa kwanza kukisafisha.

Wengine wanasema nyumba hii haimo katika orodha yoyote ya majengo yanayolindwa, kwa hiyo hakuna sheria inayozuia. Ni kweli kwamba haijasajiliwa. Nchi yetu hata hivyo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971, yenye namba 71-016, na nyumba nyingi zilizostahili kulindwa nayo zilibomolewa kabla mtu hajaandika ombi. Tumeanza kuliandaa ombi hilo. Na hata bila usajili, wasanifu wa dunia walikubaliana tangu 1964, katika Mkataba wa Venice, kwamba nyongeza haikubaliki ikiwa inaharibu sehemu za maana za jengo la kale, mazingira yake ya jadi, au mizani ya umbo lake. Barza ndiyo sehemu ya maana ya nyumba hii. Tembeeni katikati ya mji mtazame barza ngapi zimezibwa kwa matofali ya saruji kuwa maduka. Zilizobaki wazi zinahesabika.

Juu ya hayo, kuna sheria zinazowahusu watu wenyewe. Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya 2006 kinawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi zinazolingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya kiutu. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wanaoishi na ulemavu nayo ipo. Mchoro unaoweka watu wa viti vya magurudumu ghorofani unapaswa kujibu maswali ya sheria hizo kabla ya kupewa ruhusa.

Neno lililotuumiza zaidi ni lile la kwamba wazee hawaelewi michoro. Inawezekana karatasi hawazielewi. Lakini mkiwapeleka mahali penye vigingi, mkawaonyesha kwa mti mrefu kimo cha ukuta utakaosimama pale, wataelewa papo hapo, na baadhi yao, waliokuwa waashi na maseremala kabla wengi wetu hatujazaliwa, watawaambia mambo ambayo mchoraji hakuyajua. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa reli alinionyesha kwa fimbo yake njia ambayo maji hupita uani kila mvua kubwa ikinyesha; njia hiyo inakatiza katikati kabisa ya msingi uliopangwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo:

Kwanza, uchimbaji usianze mpaka michoro izungumzwe katika kikao cha wazi, kitakachofanyika kwenye barza yenyewe, kwa Kiswahili, wazee wakiwepo na wakipewa nafasi ya kusema, pamoja na masista, wauguzi na jamaa.

Pili, jengo jipya lihamishiwe upande wa mashariki na liwe la chini tu, na kaskazini mwa barza ya zamani pasijengwe kitu chochote cha kuziba jua.

Tatu, nguzo zote zibaki na mwembe ubaki, kuta za zamani zitengenezwe kwa chokaa, na jengo jipya lisimame kwa msingi wake na paa lake, maji ya kila paa yakienda kwenye matangi au mitaro yake.

Nne, mabamba ya dari yapimwe, na mpango wa kuwahifadhi wazee wakati wa kazi uandikwe na kutolewa kwa jamaa.

Tano, tupewe jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku hizo zikipita bila jibu, tutaiomba idara inayotoa ruhusa za ujenzi isimamishe kazi, na tutaambatanisha hesabu za kivuli, picha na nakala ya barua yetu yenye muhuri wenu.

Kwa upande wetu, tuko tayari kusaidia. Nyumba ya zamani haina mchoro wake popote, na aliyechora jengo jipya alikadiria vipimo vyake. Mimi pamoja na wanafunzi wangu wa ujenzi tutaipima yote, chumba kwa chumba, pamoja na kina cha msingi na mwelekeo wa maji ya uani, na kuwakabidhi michoro kamili bila malipo. Tunahitaji ruhusa yenu ya kuingia tu, na Jumamosi yoyote mtakayoichagua inatufaa.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa ujenzi, kwa niaba ya jamaa za wakaaji wa Nyumba ya Wazee